Mashina Kumi na Saba ya Luzerne

Watu wa Kikula, mtaa wetu hapa Likasi, wanajua kukaa kilio, hilo siwanyimi. Marceline, mke wangu, alipokufa, walijaa uani kwangu siku ile ile. Walifunga turubai, wakaleta viti vya plastiki vya parokia, wakapika bukari, yaani ugali, katika masufuria ambayo sikuwahi kuyaona, na kwa siku tisa hawakuniruhusu hata kujimiminia maji. Kwetu mfiwa hashiki kitu. Anakaa, analia, wengine wanafanya. Basi nilikaa, mimi Mathieu Kabamba, mwenye miaka sitini na minne, mstaafu wa maabara ya kiwanda, nikitazama ukuta wa jirani. Na nilipokuwa nimekaa hivyo, watu hao hao waliimaliza kazi yangu ya miaka saba kwa asubuhi moja, kwa majembe na nyimbo na upendo mtupu. Laiti wangekuwa wezi. Mwizi ningemtukana mpaka sauti inikauke.

Kazi yenyewe ilikuwa luzerne. Ni majani ya kulisha mifugo, yana vijani vitatu vitatu na maua ya zambarau, na usiyeyajua ungeyakanyaga ukipita. Marceline alifuga sungura nyuma ya nyumba. Agosti na Septemba hapa Likasi kila jani lina rangi ya vumbi, na sungura wake walibaki mifupa. Luzerne haijali kiangazi. Mzizi wake unashuka mita mbili, tatu, unakunywa huko chini, na juu inabaki kijani. Ukiikata leo, baada ya siku ishirini na tano imerudi usawa wa goti. Mbegu za kwanza alinipa padri mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao, nikazipanda kwenye kipande cha ardhi ambacho kaka yake Marceline alituazima, njiani kabla ya kufika Mulungwishi. Zikaota vizuri. Mvua ikaja, na kufikia Noeli zote zilikuwa zimekufa.

Udongo wetu ni mchachu, kila mtu anajua. Niliuwekea chokaa ya machimbo ya Kakontwe, uchachu ukapungua, lakini vifo havikupungua. Nikachimba mashina yaliyokufa, nikapasua mizizi, na ndani nikakuta rangi ya chai iliyokolea. Ni kuvu inayoishi kwenye udongo uliolowa. Inaingia kwenye mzizi, unaoza, majani yanageuka manjano, basi. Hakuna dawa ya kunyunyiza ambayo mtu kama mimi angeipata. Njia moja tu ilibaki, nayo ni ya kikatili. Unauchukua ule udongo mgonjwa, unautandaza kwenye tuta moja, unaziba mfereji maji yasimame, halafu unapanda mbegu maelfu humo humo na kuziacha zife.

Zile zisizokufa unazichimba. Unapasua ncha ya mzizi wa kila moja. Wenye rangi ya chai unautupa. Mweupe unaurudisha ardhini, kwenye udongo safi, na ukichanua unaupandisha na mweupe mwenzake, na mwingine wowote usiuguse. Mbegu zitakazotoka unazirudisha kwenye tuta la ugonjwa. Watoto wanakuwa wagumu kidogo kuliko wazazi. Mzunguko wa kwanza, kati ya mbegu elfu nne nilibakiwa na mashina tisa. Wa pili, kati ya kila mia, sita. Wa tatu, kati ya kila mia, thelathini na moja. Niliposoma hesabu hiyo nilikaa chini kwenye matope, nikacheka peke yangu.

Mwalimu Didier, anayefundisha kilimo katika shule moja ya huko, aliwahi kunijia baada ya mzunguko wa pili.

"Papa Mathieu, utupatie hata kijiko kimoja ya mbegu, tuweke fasi ingine. Mambo inaweza kukufikia."

"Mambo gani?"

"Sijui. Moto. Mbuzi. Bantu."

Moto, mbuzi, watu: nilimwangalia nikaona mtu anayetaka kuandika jina lake juu ya kazi yangu. Nikamwambia arudi variété, yaani aina mpya ya mbegu, ikikamilika. Kisha nikapanda mbegu zote, hata ile iliyokuwa imekwama kwenye mshono wa mfuko. Wazazi wao niliwang'oa kwa mikono yangu mwenyewe ili nyuki wasichanganye damu ya zamani na mpya. Nilijiona mtu makini sana.

Nyuki ndio walionisumbua kuliko kuvu. Ua la luzerne limejifunga. Nyuki akitua, linafyatuka, linampaka unga wake, naye anaupeleka kwenye ua jingine. Sasa, mita hamsini kutoka pale nilikuwa na shamba la kulinganishia, luzerne ya padri ile ile, dhaifu, iliyopandwa kwenye udongo safi ambao ugonjwa haujaufikia. Ilinenepa pale kama mtoto wa tajiri. Nyuki akitoka kwenye zile dhaifu na kuja kwenye zangu, miaka yote imepotea. Ilibidi mashina yangu yafunikwe wakati wa maua, nami nifyatue kila ua kwa kijiti cha meno. Kwa hiyo nilihitaji chandarua.

Nilichukua cha kitandani kwetu. Ilikuwa Agosti mwaka jana. Marceline alikuta misumari mitupu ukutani, akaniita kwa jina la binti yetu.

"Papa Sephora, moustiquaire iko wapi?"

"Iko Mulungwishi."

"Na minye nitalala mu nini?"

"Ni kiangazi, Marceline. Mbu haiko."

Alishika kiuno, akacheka cheko lake lile la kutikisa mabega. "Kumbe! Bibi mukubwa njo luzerne. Minye ni wa pili tu. Ata moustiquaire amenibebea." Halafu akaniuliza, bado anacheka, kama siku luzerne hiyo itakapopata jina nitaipa la kwake.

"Variété haipewake jina ya bibi ya muntu," nilimjibu. "Inapewa namba."

"Namba!" alisema. "Miaka makumi tatu na nane ya ndoa, na minye sina ata namba."

Nilipaswa kucheka naye. Nilikuwa nakikunja kile chandarua akilini, nikipima kama kingetosha mashina yangu.

Novemba mvua ilianza na chandarua kikabaki kule. Marceline hakununua kingine kwa sababu nilimwambia nitakileta Jumamosi. Nilimwambia hivyo kila Jumatatu nilipopanda taxi-bus kurudi shambani, na kila Jumamosi nilirudi na matope na daftari. Kulikuwa na mashina ya kukinga na panzi, kulikuwa na hili, kulikuwa na lile. Mtu akitaka sababu hazikosi.

Februari, siku ya Jumatatu, binti yetu Sephora alinipigia simu.

"Papa, mama iko na homa. Urudie."

Nilikuwa nimeanza kuchimba. Mashina mia moja na themanini yalikuwa nje ya ardhi, yamelazwa chini ya magunia yaliyolowa, na mzizi ukishatoka ardhini haungoji. Unakauka ndani ya siku mbili, tatu, na hapo hujui tena kilichoukausha. Nikamwambia Sephora ampe mama yake dawa, nitakuja kesho. Jumanne alinipigia tena, akasema wamempeleka hospitali, mama anaongea maneno yasiyoeleweka. Nikasema kesho. Nilikuwa nimefika shina la tisini na nne.

Jumatano alasiri nilimaliza. Kumi na saba ndiyo yaliyokuwa meupe kabisa, mpaka kwenye ncha, na yenye kila kitu nilichokitafuta: kichwa kipana kilichozama chini ya udongo, vikonyo vingi, majani yasiyoanguka. Niliyakata juu yakabaki vidole viwili, kama inavyotakiwa ili yachipue pamoja na kuchanua pamoja. Niliyapanda kwenye udongo safi, kila moja na kijiti chake chenye namba, na juu nikafunga chandarua. Shina likitoka kuchimbwa, kupasuliwa mzizi na kukatwa kichwa, kwa wiki mbili, tatu linaonekana limekufa. Ni kijiti kikavu cha rangi ya udongo. Ndivyo linavyokuwa, nami nilikuwa sina shaka. Nilinawa mikono. Taxi-bus ya mwisho ilikuwa imekwisha kupita.

Alhamisi saa nne asubuhi nilifika hospitali, na Marceline alikuwa amekwisha kufunikwa. Malaria ilikuwa imepanda kichwani, daktari alisema. Hakuniuliza habari ya chandarua. Sephora naye hakuniuliza, alinishika mkono tu, na nilipoutazama mkono wangu ndani ya wake niliona kucha zangu bado zina matope. Nilimaliza kazi kwanza. Mke wangu alikuwa anakufa na mimi nikamaliza kwanza. Nikisema maneno haya sitafuti mtu wa kunibembeleza.

Tulimzika Jumamosi. Jumatatu, siku ya tano ya kilio, Mama Kabedi, kiongozi wa wanawake wa shirika letu la parokia, alikuja akapiga magoti karibu na kiti changu. Ni mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mtaa mwingine, lakini siku hiyo alinong'ona.

"Papa Mathieu, shamba yenu ya Mulungwishi iko yenyewe, na majani inaota. Kesho tutafanya salongo kule, bantu kumi na mbili. Mama Marceline alitufanyiaka mingi. Utuambie tu: tutoe nini, tuache nini?"

Salongo ni kazi ya pamoja. Kwa kawaida ni ya kufagia mtaa, kuzibua mifereji. Kumfanyia mfiwa salongo shambani kwake ni heshima, na heshima haikataliwi. Alinisubiri. Mimi nilikuwa nausikia unyayo wa Marceline ukitoka jikoni, naapa niliusikia, na nilitaka huyu mama aondoke nisikie vizuri.

"Mutoe yenye kufwa," nikasema. "Yenye kuwa muzima muache."

"Ni vile tu?"

"Ni vile tu."

Akanishukuru. Hayo ndiyo yote niliyosema. Kazi ya miaka saba, na nilipoulizwa mara ile moja tu, jibu langu halikuwa na hata neno moja juu ya chandarua.

Walikwenda Jumanne. Walirudi jioni wamechoka na wamefurahi, na Papa Gauthier, mkatekista, akanipiga bega akisema nitaona mwenyewe. Ijumaa, kilio kilipovunjwa, yeye na Mama Kabedi walinisindikiza. Walitaka kuuona uso wangu nitakapoliona shamba. Ndani ya taxi-bus Mama Kabedi alikuwa ananichungulia kila mara, kama mtu aliyeficha zawadi mgongoni.

Nilijua kabla ya kufika kwenye uzio. Shamba lilikuwa safi. Lilifagiwa, jamani, udongo wenyewe ulikuwa na mistari ya ufagio! Uzio ulikuwa umefungwa upya kwa kamba za baiskeli. Tuta la ugonjwa lilikuwa limelimwa, na mfereji niliouziba kwa mawe ulikuwa umefunguliwa.

"Maji ilikuwa inaoza pale," Papa Gauthier alinieleza. "Tulifungulia yeye njia."

Shamba la kulinganishia, lile la luzerne dhaifu, walilipalilia vizuri na kulipandishia udongo. Lilikuwa kijani na nene, likingoja tu mvua ilisombee ugonjwa na kuliua. Na pale nilipokuwa nimefunga chandarua palikuwa na matuta sita yaliyonyooka, na juu ya kila tuta vipandikizi vya matembele, vimeshaanza kushika.

"Juu usilale njala," Mama Kabedi alisema. "Mama Marceline haiko, nani atakupikia? Sephora iko na kazi yake. Matembele inaota yenyewe, unachuma tu."

Nilimuuliza, na sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, "Pale kulikuwa bijiti. Biko na namba."

"Bile bikavu? Tulipikia chai."

"Na chini ya moustiquaire? Kulikuwa mashina."

Walitazamana. Papa Gauthier ndiye aliyejibu. "Papa, ile yote ilikuwa imekufwa. Ilikuwa bijiti tupu, vraiment, ata jani moja hapana. Ile ya kijani tuliacha yote, ata moja hatukugusa. Yenye kufwa tulingola, tukachoma pale ku kona."

Nilikwenda kwenye kona. Majivu walikuwa wameyatandaza nusu, yawe mbolea. Nilipiga magoti nikachambua kwa vidole. Walikuwa wamemwagia mafuta ya taa kwa sababu magugu yalikuwa mabichi, hata hivyo moto haukuteketeza yote. Nilipata vipande. Kimoja kilikuwa mzizi mzima, urefu wa kiganja. Kichwa chake, pale machipukizi yanapotokea, kilikuwa makaa. Kilipovunjikia mkononi nilikiacha kianguke. Nilitoa kisu changu nikaupasua mzizi katikati kama nilivyopasua mamia, na ndani ulikuwa mweupe. Moto ulikuwa umeupika tu, kuvu haikuwa imeugusa. Sijui ilikuwa namba ngapi.

"Tulikosa fasi fulani, Papa?" Mama Kabedi aliuliza nyuma yangu. Sauti yake ilikuwa imeanza kuogopa. "Ulituambia tutoe yenye kufwa."

Mimi ni mtu wa hasira. Kiwandani walinijua, nyumbani walinijua, Marceline alikuwa akiniita pilipili mbele ya wageni. Niliitafuta hasira yangu pale kwenye majivu nikaikosa. Huyu mama alikuwa ameamka alfajiri, ametoka Kikula na jembe, ameinama siku nzima kwenye jua kwa ajili ya marehemu. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge. Na alifanya kama nilivyomwambia, neno kwa neno.

"Apana," nilisema. "Mulifanya muzuri. Aksanti sana."

Akalia kwa furaha, akanikumbatia. Papa Gauthier akatuongoza katika sala fupi, nami nikasema amina.

Mtu ataniambia nianze upya. Udongo mgonjwa bado upo, mbegu za padri bado zipo kwenye lile shamba la kulinganishia. Ni kweli. Nianzie mashina tisa kati ya elfu nne, miaka saba tena, halafu nitakuwa na miaka sabini na moja, na sungura hawapo tena, Sephora aliwagawa wakati wa kilio. Jumamosi moja mwalimu Didier alikuja kunipa pole. Hakusema neno juu ya kile kijiko. Ningemshukuru zaidi kama angesema.

Lakini niimalize Ijumaa ile. Tulirudi Kikula mchana. Njiani nilimuuliza Mama Kabedi chandarua walikiweka wapi, maana hicho peke yake ndicho kilichokuwa kimebaki, na nilitaka kukichoma.

"Utakikuta ku nyumba," alisema, akatabasamu tena.

Sephora alikuwa amefungua chumba chetu, kilichokuwa kimefungwa tangu mama yake apelekwe hospitali. Chandarua kilikuwa kimefuliwa, kinanukia sabuni. Matundu ambayo miiba ya uzio iliyatoboa yalikuwa yameshonwa kwa uzi mweupe, kwa mishono midogo midogo, mmoja mmoja. Kilining'inia kwenye ile misumari yake minne juu ya kitanda, na kingo zake walikuwa wamezichomeka vizuri chini ya godoro, upande wangu na upande wa Marceline.

"Mbu iko mingi sasa, Papa," Mama Kabedi alisema akiwa mlangoni. "Mama Marceline hangependa na weye ugonjwe."

Niliwasindikiza hadi barabarani, nikawashukuru tena.

Tangu siku hiyo nalala kwenye mkeka, sakafuni, kando ya kitanda. Sephora amenisihi, amelia, ameniletea mkatekista. Nawaambia mgongo unataka sakafu ngumu. Chandarua kipo pale pale juu ya kitanda kitupu, kimechomekwa pande zote kama walivyokiacha. Mbu wanakuja kwangu, nami siwafukuzi.